Ufa na Mshipa

Ghala la mawe liko nyuma ya reli, Brooklyn Park, Minnesota.
Mlango wa bati, theluji imeganda kizingitini kama chumvi,
na ndani mabamba yamesimama wima, ubavu kwa ubavu,
kama vitabu vya mtu asiyesoma.

Nyakundi ameshafika kwenye graniti.
Anaipigapiga kama shingo ya ng'ombe mnadani.
"Hii haikwaruziki," asema. "Kina Ondieki wanayo hii."
Kina Ondieki wana kila kitu. Nimepita.

Natafuta lile la kijivu, la pembeni kabisa,
lisilong'aa, lisilojitangaza,
lililokaa kama mgeni aliyechagua kiti cha karibu na mlango.

Muuzaji anaitwa Lyle. Amevaa glavu moja; ya pili sijui iko wapi.
Ananionya kwa upole, kama daktari mwenye majibu mkononi:
jiwe la sabuni ni laini. Kisu kitaacha alama.
Sufuria ikiteleza, alama.
Na lazima ulipake mafuta, la sivyo litapauka.
Nikauweka ukucha juu ya bamba namba kumi na tisa,
nikavuta.
Mstari mweupe. Poda kidoleni.
Nikainusa, mbele yake, bila haya.

Shati la baba.
Si la Jumapili; lile la kazi,
ambalo mama alilifulia karai lake peke yake
kwa kuwa maji yake yaligeuka uji.

Kule Tabaka jiwe hili tulilikalia, tulilipiga teke njiani,
lakini nyumbani kwetu halikuwamo hata sahani moja.
Kila kilichong'arishwa kilifungwa kwa majani ya mgomba,
kikahesabiwa, kikaondoka.
Mimi na Bosibori tulikuwa watu wa msasa:
maji, msasa, maji, msasa,
hadi ncha za vidole zikawa tupu kama yai.
Miaka mingi baadaye, mashine ya uhamiaji ilipovikataa vidole vyangu mara mbili,
afisa aliniuliza nafanya kazi gani.
Ya sasa, nikamwuliza, au ile ya kwanza?

"Hili linatoka wapi?"
Lyle anapekua karatasi. "Brazili."
Nikasimama kama mtu aliyempungia mkono nduguye ng'ambo ya barabara,
akageuka, kumbe si yeye.

Juu ya meza ya risiti kuna kiboko.
Ukubwa wa ngumi, sikio moja limemeguka,
kazi yake kuzuia karatasi zisipeperuke mlango ukifunguliwa.
Nimempindua. Tumboni: KENYA,
na bei iliyokwanguliwa.
Jina la mchongaji hakuna. Halijawahi kuwapo.
Nimemrudisha juu ya karatasi zake.

Nyakundi ananinong'oneza kwa lugha ya nyumbani,
ile tunayoiweka akiba kwa bei na kwa matanga:
"Pesa zote hizi, kwa jiwe la kupiga teke?"
Nimeshapiga hesabu. Zamu sitini na nne za usiku,
mashuka, mabeseni,
vikongwe wanaoniita kwa majina ya binti zao.
"Ndiyo," nikasema. "Hilo hilo."
"Na lina ufa. Tazama, toka hapa mpaka kule."

Si ufa.
Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma:
ufa hushika ukucha, mshipa huuacha upite.
Nilimwambia hivyo. Akatazama viatu vyake,
akatoa kadi ya benki, akampa Lyle bila kuniangalia.

Walilileta mwezi wa nne, watu wanne, wakilalamikia ngazi.
Nililipaka mafuta kwa kitambaa cha fulana kuukuu,
likawa jeusi chini ya mkono wangu, kidogo kidogo,
kama anga la hapa saa kumi alasiri, Desemba.

Na usiku ule, nikirudi kutoka zamu,
nikakuta taa ya jikoni inawaka:
Nyakundi, miwani puani, soksi bila viatu,
ukucha wake ukiufuata ule mstari mweupe
toka kwenye sinki hadi dirishani,
polepole, akitafuta
pa kukwama.